Wakija Kuwaambia Mimi Ni Nani

Mbotela, Nairobi
Jumapili alasiri

Mdogo wangu Enoki,

Pokea salamu zangu kabla hujaanza kutafuta makosa. Najua mwalimu wa darasa la saba hawezi kushika barua ya mtu bila kalamu nyekundu, lakini leo iweke chini. Mama anaendeleaje na goti lake? Je, mvua imefika huko, au bado mnaitazama ikipita juu yenu kwenda kuwanyeshea wengine? Mke wangu Finike akiwa amemaliza kupalilia, mwambie nimefurahi. Barua yake nimeikunja ndani ya hii, na usiifungue, maana nakujua.

Mimi ni mzima wa mwili. Kikohozi kile cha wakati wa baridi kimepoa. Kazi ipo. Bado ninasahihisha chapa katika kiwanda kile cha Industrial Area: kalenda, lebo za sabuni, vitabu vya nyimbo za kanisa. Tangu waliponifukuza kazi ya ualimu chuoni kwa ajili ya mdomo wangu, sijapata kazi inayonifaa kuliko hii. Nalipwa kwa kutafuta makosa ya wengine, jambo ambalo nyumbani nilikuwa nikilifanya bure.

Barua hii haiji kwa posta. Anaileta Shemeji Wiklifu, mume wa dada yetu Rebeka, anayekaa kwenye nyumba za reli pale Muthurwa. Anasafiri na treni ya jioni, na sasa hivi ameketi hapa kwangu akinywa chai na kunihimiza nimalize. Nimeiweka mikononi mwake kwa sababu moja. Huenda hivi karibuni watu msiowajua wakafika hapo nyumbani kwa gari safi, wakawaambia mimi ni nani. Nataka uwe umesikia kwangu kwanza. Mpaka hapa msomee Mama. Kuanzia hapa soma peke yako, kisha uamue yapi yamfikie.

Kwenye barua yako ya mwisho ulinishambulia. Ulisema falsafa ni mchezo wa Wazungu walioshiba, kwamba ninawanyang'anya mafundi Jumapili yao, na kwamba neno fenomenolojia likitamkwa karibu na kwaya yako, sauti ya tatu itapotea kabisa. Nilicheka, halafu nikakasirika, na hasira haijaisha. Nitakujibu kama ninavyowajibu wanaoandika upuuzi magazetini, ila wewe ni damu yangu, kwa hiyo nitakupiga polepole.

Unajua msahihishaji anavyofanya kazi? Kosa linapokataa kuonekana, tunasoma ukurasa kutoka mwisho kwenda mwanzo, neno moja moja. Ukisoma mbele, maana inakubeba. Jicho linaona neno linalotarajiwa, wala si lile lililochapwa. Nimeona "Bwana ni mchungaji" ikipita mikononi mwa watu wazima, wasomi, huku herufi moja haipo, kwa sababu kila mmoja alikuwa anaijua Zaburi kuliko alivyokuwa anaiona karatasi. Ukisoma kinyumenyume, maana inanyamaza na herufi zinajitokeza. Zaburi hujaikana, umeiambia tu isubiri mlangoni.

Hiyo ndiyo fenomenolojia, bwana mwalimu. Karibu yote. Mwanzilishi wake alikuwa Mjerumani, Myahudi kwa kuzaliwa, aliyeanza kama mtu wa hesabu. Aliona elimu za zama zake zinapima kila kitu, lakini zimesahau ulimwengu huu tunaoishi ndani yake kabla hatujaupima, ule wenye moto wa jikoni, njia ya mtoni na uso wa mama. Akasema turudi kwenye mambo yenyewe, jinsi yanavyotutokea. Yale tunayoyachukulia kuwa yanajulikana tuyatie mabano. Unajua mabano. Neno lililo ndani ya mabano halikufutwa. Limewekwa kando ili sentensi isimame bila kuliegemea. Na akasema tena kwamba ufahamu si sanduku lililofungwa kichwani. Daima ni ufahamu wa kitu fulani. Huwezi kuogopa tu, unaogopa kitu. Huwezi kungoja tu, kuna unachokingoja. Nimeyasoma hayo miaka mingi, lakini wiki hii ndiyo nimeyaelewa.

Usiniambie huo ni mchezo wa walioshiba. Mzee yule alikufa wakati ambapo wenye mamlaka wa nchi yake walikuwa wamemfungia mlango wa chuo chake mwenyewe kwa sababu ya damu yake. Maandishi yake, marundo ya kurasa za hatimkato ambazo wachache wangeweza kuzisoma, yalivushwa mpaka Ubelgiji na padri mmoja aliyejua kwamba yakibaki yatateketezwa. Watu hawachomi karatasi za mchezo. Kutoka hapo fikra zile zilienea. Wafaransa walizichukua wakaandika juu ya mwili na uhuru, na mwanamke mmoja wa huko akazitumia kueleza jinsi mwanamke anavyofanywa kuwa wa pembeni. Madaktari wa akili walijifunza kumsikiliza mgonjwa anavyouona ulimwengu wake kabla ya kumpa jina la ugonjwa. Daktari mmoja mweusi, mzaliwa wa visiwa vya Karibi, alieleza jinsi mwili wako mwenyewe unavyokuwa mzito na wa kigeni mzungu anapokukazia macho. Baba alipokuwa akivua kofia mbele ya yule mzungu mwenye shamba, Enoki, wewe na mimi tuliliona hilo. Tulikosa tu maneno yake.

Basi hiyo ndiyo niliyokuwa nikiifundisha hapa chumbani kwangu kila Jumapili baada ya kanisa. Hatukuwa wengi. Kulikuwa na Njuguna, ambaye anakata akala, viatu vya matairi, sokoni Kariokor, mtu wa Murang'a, mbishi kama mimi. Kulikuwa na Truphosa, mpiga chapa katika ofisi moja ya jiji, binti wa watu wa Bunyore. Na majirani wawili watatu waliokuja kwa chai zaidi kuliko kwa falsafa. Zoezi letu lilikuwa kueleza. Mtu anachagua kitu, anakieleza kinavyomtokea, bila kusema vile kila mtu anavyokijua. Truphosa aliwahi kueleza bomba la maji la hapa mtaani, kwamba asubuhi si bomba, ni foleni, na mchana ni sauti tu inayokuambia kuna aliyeliacha wazi. Nilijisikia kama mchungaji aliyeona mtu akiokoka.

Halafu akaja Simoni.

Alifika Jumapili moja, mtu wa makamo, shati jeupe, akasema amesikia kuna mafunzo na yeye anapenda kujiendeleza. Aliketi kwenye kiti kilicho karibu na kabati. Alipotoka, Njuguna alifunga mlango.

"Mwalimu, huyo ni karao."

"Askari? Umejuaje?"

"Hata paka wa Mbotela wanajua. Muulize anafanya kazi wapi."

"Amesema anafanya kazi ofisini."

"Ofisi gani? Ofisi haina jina? Mimi hata kibanda changu kina jina."

Nilimwambia ndiyo hiyo nafasi tuliyokuwa tukiitafuta. Nilisema kama tunaweza kutia mabano juu ya bomba na kikombe lakini tukashindwa kutia mabano juu ya mtu, basi hatujajifunza lolote, tumecheza tu. Nilisema serikali na watu wake ndio wanaomwona mtu kwa jina walilompa kabla hajafungua mdomo, na sisi hatutawaiga. Unanijua nikianza. Nilisimama. Nafikiri niligonga meza.

Njuguna alinisikiliza mpaka mwisho. "Sawa, buda. Nimeiweka kando. Lakini bado naiona pale kando, imekaa, inanisubiri."

Truphosa alicheka, akaziba mdomo kwa mkono kama kawaida yake. Tukakubaliana. Ulimwengu mzima, Enoki, nitafutie kikundi kingine cha watu ambacho kingemfungulia mlango mtu wa namna ile kwa sababu ya nidhamu ya falsafa. Watu wa kawaida wangeacha kukutana, au wangeanza kuimba nyimbo za injili kila anapoingia. Sisi tulimwongezea sukari.

Alikuja Jumapili nyingi. Hakuwahi kuchelewa. Kisha mimi mwenyewe nikapendekeza kwamba zoezi la siku hiyo liwe yeye. Nilimwomba ruhusa mbele ya wote, naye akakubali kwa tabasamu. Nilitaka kuwathibitishia kwamba mtu akielezwa kwa uaminifu, jina alilopewa linaanguka lenyewe.

Truphosa alianza. Alisema anamtokea kama mtu ambaye viatu vyake havina vumbi la Jogoo Road, kana kwamba hutoka nyumbani akaingia moja kwa moja hapa. Jirani mmoja akasema hamalizi chai yake. Halafu Njuguna, macho yakiwa kwenye mikono yake mwenyewe.

"Mimi namwona hivi. Mtu akisema jambo la kuchekesha, sisi wote tunamtazama aliyesema. Bwana Simoni hamtazami. Anawatazama wanaocheka."

Simoni aliitikia kwa kichwa kama mwanafunzi aliyepewa alama nzuri. Akauliza kwa adabu, "Na mimi naweza kujaribu?"

Ningesema nini? Mlango tulikuwa tumeuacha wazi wenyewe.

"Bwana Njuguna," alisema, "unapenda kukaa karibu na mlango. Zamani ulikuwa unakaa dirishani. Bibi Truphosa, ukicheka unaziba mdomo. Isipokuwa siku ile Mwalimu alipoiga sauti ya mkubwa fulani akihutubia. Siku hiyo hukuziba."

Enoki, siku niliyoiga sauti ile Simoni alikuwa hajaanza kuja. Wala Njuguna hakuwahi kukaa dirishani tangu Simoni aanze kuja. Kulikuwa na sikio humu kabla yake, au kwenye ukuta, au lilikuwa la mmoja wetu. Nilimtazama kila mtu aliyekuwa chumbani, na kila mmoja alikuwa ananitazama mimi. Katika dakika ile nililipata somo ambalo vitabu havikunipa. Watu wale wale, viti vile vile, chai ile ile, na chumba kizima kilikuwa kimegeuka kikawa kitu kingine.

Simoni alinyanyuka, akapeleka kikombe chake kwenye karai, akakisuuza.

"Mwalimu, njia yako ni nzuri," alisema. "Mimi nilifundishwa inayofanana nayo. Tofauti ni ndogo. Sisi tukishaeleza, tunapeleka mahali."

Nilipaswa kulitarajia hilo, kwa maana historia ilikuwa imeniambia. Yule Mjerumani alikuwa na mwanafunzi, mwenye akili kuliko wote, aliyepanua fikra za mwalimu wake mpaka zikaitikisa falsafa ya dunia nzima. Wenye nguvu walipoingia, mwanafunzi huyo alivaa beji ya chama chao na kushika ukuu wa chuo, huku mwalimu wake akigeuzwa mgeni mjini kwake. Nimewafundisha watu hilo mara nyingi kama jambo la Ulaya. Kuona kwa makini hakumfanyi mtu kuwa mwema. Kunamfanya aone tu. Anayeona anaweza kukuhurumia, na anaweza kukuuza. Sikatai njia kwa sababu hiyo, kama ambavyo sikatai kusoma eti kwa sababu jasusi naye anasoma. Lakini nimeacha kuifundisha kana kwamba ni sala.

Juma lililofuata Truphosa alihamishiwa ofisi nyingine, upande wa pili wa mji. Alimtuma mwenzake aniambie hatakuja tena na kwamba nisimtafute. Sikumtafuta. Na Alhamisi wakamchukua Njuguna.

Niliyaona haya niliyoweza kuyaona: kibanda chake wazi, kisu kimechomekwa kwenye gogo, akala moja imekamilika na mwenzake haina kamba. Jirani yake wa soko alisema aliondoka katikati ya wanaume wawili waliovaa makoti. Hakuburutwa. Alitembea, na aligeuka mara moja kutazama kazi yake. Mke wake, Wanjiru, amezunguka vituo vyote vya polisi, na kila mahali anaambiwa hakuna mtu wa jina hilo. Alikuja kwangu jana akiwa ameishika ile akala isiyo na kamba, akaiweka mezani.

"Mwalimu, alikuwa anakuja hapa kujifunza nini?"

"Kueleza anachokiona."

"Basi niambie ameona nini kibaya hivyo."



Kesho asubuhi nitakwenda naye kituo kikubwa. Sitakwenda kuuliza. Nitakwenda kusema: masomo yalikuwa yangu, chumba ni changu, na sauti ya mkubwa fulani niliiiga mimi. Njuguna ni fundi wa viatu aliyekuja kunywa chai na kubishana. Kama wanamtaka mwenye maneno, mimi hapa, na yeye arudi kwenye kibanda chake. Huenda wakamwachia. Huenda wakatuweka sote. Sijidanganyi, na usimdanganye Finike. Ila kwake nimeandika mwenyewe, kwa maneno mengine.

Shemeji Wiklifu ameyasoma haya juu ya bega langu, maana hana adabu, na tumegombana. Nakuandikia tulivyosemezana ili asije akaupamba upande wake.

"Kuna nafasi kwenye treni," alisema. "Daraja la tatu. Kesho saa kama hizi unakula viazi vitamu, unabishana na ng'ombe."

"Na Njuguna?"

"Njuguna ana watu wake."

"Watu wake ni nani? Wanjiru amebisha kila mlango. Watu wake ni mimi."

"Hezroni, wewe unafikiri utawashinda kwa maneno."

"Sifikiri nitawashinda. Nikipanda treni yako, nitakuwa nimewaandikia mwenyewe ile sentensi wanayoitafuta. Watasema, mwenye hatia amekimbia, na aliyebaki ni mwenzake."

Anaipuliza chai ambayo imepoa zamani.

Leo niliandaa vikombe kama kila Jumapili. Hakuna aliyekuja. Mlango nimeuacha wazi, nami nimeketi hapa kizingitini kwa sababu ndani mwanga hautoshi. Wanawake wamemaliza kuteka maji. Karibu na bomba, akiegemea ukuta, amesimama Simoni. Hajifichi. Alikuja saa ile ile anayokuja siku zote, akatazama ndani, akaona viti vitupu, akaenda kusimama pale. Viatu vyake havina vumbi. Wiklifu atatokea upande wa nyuma, apite katikati ya mistari ya nyumba mpaka barabarani, na karatasi hii akiwa ameiweka ndani ya soksi. Hilo wazo ni lake. Nimemwambia nisingependa falsafa yangu ifike ikinuka miguu ya mtu wa reli, akasema itanuka vizuri kuliko ilivyo sasa.

Sasa sikia, Enoki, maana hii ndiyo kazi ninayokuachia. Wakija watakuja na jina. Mchochezi, msaliti, mtu wa vikundi vya siri, lolote watakalokuwa wamelichagua. Watalisema kwa upole, na watawatazama nyuso mnapolisikia. Usibishane nao juu ya jina. Wewe si mimi, utashindwa. Litie mabano, liache lisimame pale peke yake, kisha anza na ulichokiona kwa macho yako. Waambie nilivyobishana na mzee wa kanisa kwenye harusi ya Rebeka mpaka chakula kikapoa na bibi harusi akalia. Waambie siku uliyojikata mguu kwa jembe nilikubeba mgongoni mpaka hospitali ya misheni, nikikutukana njia nzima kwa uzembe wako, na kwamba hukuniona nikilia kwa sababu uso wangu ulikuwa mbele. Sasa umejua. Waambie nilivuliwa ualimu kwa kusema. Usiniongezee wema, na ukali wangu usiupunguze hata kidogo. Nikitoka vibaya kwenye maelezo yako, nitoke vibaya kama mimi.

Baada ya hapo wamuulize Mama. Yeye hahitaji somo hili. Nikikohoa uani anajua ni mimi, na kikohozi hicho hakuna atakayembadilishia jina lake.

Nisalimie dada yetu Rebeka, na umwambie mumewe amekula mandazi yangu yote. Salamu kwa Baba Mdogo Yafeti, mwenye kiti cha mbele kanisani, ambaye bado ananidai msamaha kwa mambo ya harusi ile. Mwaka huu mwambie nimempa. Mpe salamu jirani yetu Mzee Shem anayenichungia ng'ombe, na mwanangu mkubwa Yonathani. Huyo mwambie asome mbele kwa raha, na asome nyuma anapotilia shaka.

Ni mimi kaka yako Hezroni, ambaye kwa wakati huu, kutoka pale bombani, ninaonekana nimeketi mlangoni pangu, mlango wazi, ninaandika.